Wote Waliohamia Kwangu Okolona

Kutoka kambi ya Nyarugusu mpaka Louisville nilitumia miaka minne. Ndege haikuchelewa. Ni mimi niliyezungukia Buffalo na Columbus kwanza.

Tulipanda basi kambini kabla jua halijachomoza, tukapita Kasulu vumbi jekundu likitufuata, tukafika Kigoma, kisha Dar es Salaam, kisha tukawa angani. Kila mmoja wetu alikuwa na mfuko mweupe wa plastiki wenye makaratasi yake yote, na tulionywa tusiuache hata tukienda msalani. Mzee aliyekaa karibu nami aliuvaa shingoni safari nzima. Chakula kilipoletwa alikula ukiwa kifuani, na mchuzi ukadondokea hapo. Mimi, katika koti, nilikuwa na simu ya Android niliyoinunua Kasulu: laini mbili, kioo kipana, betri ya siku mbili. Kambini nilikuwa na kibanda cha kuchajia simu kwa sola. Simu zote za mtaa wetu zilipita mikononi mwangu, na hiyo ndiyo niliyojichagulia.

Buffalo ilitupokea kwa theluji ya kufika magotini. Nilipewa chumba katika nyumba ya matofali, kuta nene kama za ngome, na humo ndani simu yangu ikawa bubu. WiFi ilikuwepo, lakini simu ya kawaida, ile ya kuitwa na kazini au hospitali, ilikata kila nilipofunga mlango. Ilinibidi nitoke nje kwenye ngazi, nipige huku nikirukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Jirani mmoja aliniuliza kwa upole kama hiyo ni ibada ya kwetu.

Dukani kijana aliitazama simu yangu, akaigeuza, akatabasamu.

"Hii hatuijui," alisema. "Nunua nyingine."

Niliondoka nimekasirika. Mtu aliyeishi kwa kuchaji simu za watu hatupi simu nzima kwa sababu mtu fulani haijui.

Miguu yangu haikai. Baada ya mwaka na kitu nilihamia Columbus, nikagawana chumba na Mkenya aliyekuwa akisoma mambo ya kompyuta. Huyo ndiye aliyenifungua macho. Jioni moja aliniona nimesimama dirishani, simu nimeiinua juu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

"Buda, hiyo simu yako iko poa," alisema. "Inaweza kupiga kupitia WiFi. Ni kampuni ya laini ndiyo haiijui."

"Haiijui vipi, na kila mwezi nawalipa?"

"Wewe wanakujua. Simu ndiyo hawaijui. Wako na list yao ya simu wanazozikubali. Yako haiko, so ile swichi ya kupiga kwa WiFi inafichwa. Iko ndani humo, imefunikwa tu."

"Kama chungu."

"Kama chungu, mzee wangu. Leta tufunue."

Aliingia kwenye mipangilio, akatafuta nambari ya toleo la simu, akaigonga kwa kidole mara saba. Simu ikamwambia kwamba sasa yeye ni mtengenezaji wa programu. Nilicheka, nikamwambia hata kuta za Yeriko ziliangushwa kwa kuzungukwa siku saba. Kisha akaweka programu moja ndogo, ambayo kazi yake ni kuidanganya simu iamini kwamba kampuni imeikubali. Akaizima, akaiwasha. Ile swichi ikatokea, kijivu, halafu ikakubali kuwashwa. Jambo la mwisho, kampuni ilitaka nijaze anwani ya dharura: nyumba ambayo ambulansi au zimamoto watakwenda ukipiga tisa-moja-moja kwa WiFi, kwa sababu hapo hakuna mnara wa kuwaonyesha ulipo. Nikaandika.

"Nipigie," nilimwambia.

Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Simu ikaita, milango imefungwa, madirisha yamefungwa. Tulizungumza dakika kumi nzima, yeye kitandani kwake na mimi kwangu, tukisikiana kwa masikio yote mawili.

Niliifanya kazi hiyo mara nyingi baadaye mpaka nikaijua kwa moyo, na mitego yake pia. Simu nyingine ikizimwa inasahau kila kitu, na lazima uanze upya. Nyingine haikubali kabisa, hata uigonge mara sabini.

Louisville niliitwa na rafiki yangu wa kambini, ambaye tulikuwa darasa moja la sekondari na tunaitana ndugu. "Kuya huku, ndugu," alisema. "Kazi iko, theluji iko kidogo." Kazi ilikuwa kwenye ghala moja Jeffersontown, kupanga maboksi. Nikapata chumba Okolona. Yeye na mkewe waliishi South End, katika besmenti ya nyumba ya mzee mmoja kutoka Kuba, unaingilia mlango wa nyuma na kushuka ngazi saba.

Shemeji alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza tulimzika Nyarugusu. Uchungu ulimshika siku ambayo simu zote za majirani hazikuwa na chaji, mumewe akakimbia kwa miguu kutafuta gari, na gari lilipofika mtoto alikuwa ameshaondoka. Betri zile zilikuwa zimepangwa kibandani kwangu zikingoja jua, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Hakuna mtu aliyewahi kunilaumu. Shemeji hata hakuwahi kulitaja. Lakini siku ya kwanza niliyoshuka zile ngazi saba, alinipa chai, akaweka simu yake mezani mbele yangu. Ilikuwa ya Kasulu kama yangu, na pembeni pa kioo hapakuwa na hata kijistari kimoja cha mtandao.

"Shemeji, humu ndani hii iko kama sabuni," alisema. "Ndugu yako anashinda kwa kazi. Siku ile ikifika, nitaita nani?"

"Itaita," nilimwambia. "Nipe muda kidogo tu."

Wiki ile tulikuwa na kazi za ziada kila siku, sikupata nafasi ya kurudi South End. Basi nikamwandikia ndugu yangu maelekezo kwenye karatasi, kwa Kiswahili safi cha shuleni, hatua kumi, zenye namba. Alikaa nayo usiku mmoja na asubuhi akaja ghalani anacheka mpaka jino la mwisho. Simu zote mbili zilikuwa zimekubali, ya mkewe na yake. Hata yeye mwenyewe aliihitaji, maana chini ya paa lile la bati la ghala mtandao haukuingia, ila WiFi ya wafanyakazi ilikuwepo. Mchana shemeji alinipigia kutoka besmenti kuthibitisha.

"Sabuni imesema!" alipiga kelele. "Aksanti sana, shemeji! Bon, nitalala sasa."

Ndugu yangu ni mwimbaji kanisani, na hawezi kukaa na jambo zuri peke yake. Jumapili iliyofuata ile karatasi ilikuwa imetolewa nakala, na akina mama wa kwaya walikuwa wakiigawana kama ratiba ya mazoezi. Nusu ya watu wetu walikuja na simu za kwetu. Wiki mbili hivi nikawa mtu maarufu. Mama asiyenijua alinisimamisha dukani, mbele ya mafungu ya lengalenga, mchicha wa kwetu, akanishika mkono: "Ni weye mwenye ile karatasi? Mungu akupe mke."

Nilijivuna, sitasema uongo. Tangu kile kibanda cha sola sikuwa nimejiona mtu wa maana kwa watu wangu namna ile.

Jumamosi moja mchana, nikiwa nyumbani Okolona na sahani ya ugali na dagaa, nilisikia king'ora. Kikakaribia. Kikanyamaza mlangoni pangu. Nilipofungua, watu watatu warefu wenye kofia za chuma na makoti mazito walikuwa barazani, na nyuma yao gari jekundu limeziba barabara nzima.

"Moto uko wapi?" aliuliza wa mbele.

Niliwaonyesha sahani yangu. Sikujua la kufanya jingine. Waliingia, wakanusa jikoni, wakagusa kuta, mmoja akawatazama dagaa kwa mashaka makubwa. Walikuwa bado wanaulizana simu iliyo mfukoni mwangu ikaita. Alikuwa bibi mmoja wa kanisani kwetu, tunayemwita Koko. Anaishi mtaa mwingine kabisa, katika chumba cha chini, na kama wengi wetu kila "ndiyo" kwake ni "njo".

"We mwana!" alifoka. "Nimeita zimamoto, nimepiga kelele faya, faya, hawakuya! Mafuta iliwaka kwa sufuria! Nimefunika mwenyewe na kifuniko, nguvu ya Yesu tu. Simu yako njo gani hii?"

"Koko, moto umezimika?"

"Umezimika. Samaki njo imekufa mara ya pili."

Hapo niliweka sahani chini. Nilimwuliza polepole: kwenye hatua ya nane, ile ya anwani, aliandika nini?

"Niliandika sawa kabisa," alisema kwa fahari. "Kama kwa karatasi."

Kwenye karatasi, hatua ya nane nilikuwa nimeandika: *Jaza anwani ya nyumba. Mfano:* na chini yake nikaweka namba ya nyumba yangu, barabara yangu, Okolona, Louisville, na msimbo wa posta. Nilidhani mfano ni mfano. Nilisahau sisi ni watu gani. Kambini tuliishi kwa fomu. Anayejaza tofauti na mfano uliobandikwa ukutani, hata kwa herufi moja, faili lake linarudishwa, na safari yake inangoja mwaka mwingine. "Jaza kama mfano, usiongeze, usipunguze," tulifundishwa hivyo mpaka watoto wakawa wanaliimba. Watu wangu walikuwa wamejaza kama mfano.

Niliwaeleza wale wazimamoto kwa Kiingereza changu. Wa mbele alinisikiliza, akafuta jasho, akauliza, "Kwa hiyo ni watu wangapi wanaishi hapa?"

"Leo sijui," nilisema.

Walipoondoka nilimpigia ndugu yangu. Alikuwa ghalani. Sikumsalimia hata.

"Simu ya shemeji. Anwani uliyoweka ni ipi?"

"Ile ya karatasi. Si njo uliandika?"

Siku za shemeji zilikuwa zimebaki tisa kwa hesabu ya daktari. Nilimwambia mama anayejifungua kwa haraka haangalii hesabu ya daktari. Jioni ile mabasi ya kwenda South End yalikuwa yameharibika ratiba, na ndugu yangu akitoka kazini angekesha karibu na mkewe, gari likiwa tayari. Tukakubaliana asiiguse ile simu, isije ikasahau kila kitu, na mimi nitakwenda kesho yake, mara tu baada ya ibada, maana yeye Jumapili ile alikuwa na shifti.

Ibadani nilimnong'oneza mchungaji kabla ya mahubiri. Alinisikiliza uso umekunjamana, nikadhani atanikemea. Kumbe alikuwa anazuia kicheko. Akapanda mimbarini.

"Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Kuna jambo. Wote wanaoishi kwa ndugu yetu wa Okolona, simameni."

Hakuna aliyesimama. Watu wakageukiana. Mchungaji akanyanyua ile karatasi, akasoma hatua ya nane mpaka mwisho, namba ya nyumba na yote. Kisha mama mmoja wa kwaya akasimama polepole, akashika mdomo. Mwingine akasimama. Halafu benchi zima la akina mama, halafu wazee wawili wa kanisa, halafu mtu wa ngoma. Aliyekuwa wa mwisho kusimama ni mchungaji mwenyewe, ambaye alikuwa amesimama tayari, lakini aliinua mkono.

"Na mimi nimo," alisema.

Kanisa likavunjika kwa kicheko. Koko akapaza sauti kutoka nyuma, "Donc sisi wote tunalala chumba kimoja na huyu asiye na mke? Aibu gani hii?" Mtu mwingine akajibu, "Lete kodi, Koko!" Sijawahi kupigiwa makofi mengi hivyo kwa kosa. Baada ya ibada hakuna aliyeondoka. Walipanga mstari wenyewe, simu mkononi, wale wenye watoto wanaosoma Kiingereza wakawasaidia wasio nao, na kila mtu akaandika kwake. Mimi sikungoja. Mzee mmoja wa kanisa alinipeleka South End kwa gari lake.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu imevimba, akikunja vinguo vidogo. Nilipomwambia, hakupiga kelele. Aliweka chini soksi aliyoikunja.

"Kumbe nilikuwa nimelala tu," alisema. "Nilikuwa nimelala vizuri."

Nilichukua simu yake. Nikaingia ukurasa wa anwani, nikaandika ya pale. Ukurasa ukakataa: anwani haijulikani. Nikaandika tena na neno la besmenti. Ikakataa. Nikaandika bila besmenti, ikakubali, lakini sasa ambulansi wangegonga mlango wa mbele, kwa Mkuba, ambaye masikio yake hayasikii vizuri na televisheni yake inasikika hadi barabarani. Nikajaribu mara ya nne na ya tano. Katikati ya kuhangaika simu ikajizima, na ilipowaka ile swichi ilikuwa imetoweka. Kijistari hakipo, WiFi ya kupigia haipo, sabuni tena.

"Shemeji," aliniita.

"Nipo."

"Unatoka jasho. Mimi njo nina mimba."

Nilicheka bila kutaka, na kicheko kikanirudishia akili. Nilipanda ngazi nikamgongea mzee Mkuba mpaka akasikia. Sisi wawili Kiingereza chetu ni cha kukopa, lakini nilipomwonyesha tumbo kwa mikono na simu kwa kidole alielewa mara moja. Akafungua droo, akatoa bili ya umeme ya besmenti. Pale palikuwa pameandikwa jinsi serikali inavyoijua ile nyumba ya chini: namba ileile, na neno dogo la kusema ni upande wa nyuma. Nilishuka nalo kama nimebeba yai. Nikaanza upya: kugonga mara saba, programu, kuzima, kuwasha. Swichi ikarudi. Nikaandika lile neno dogo. Ukurasa ukafikiri, ukafikiri, ukakubali.

Nikatoka mpaka barabarani nijaribu kumpigia. Ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Ikaita, kimya. Mara ya tatu nilikimbia kurudi, nikashuka ngazi mbili mbili nikidhani ameanguka. Alikuwa palepale kwenye kochi, simu inaita mkononi mwake.

"Mbona hupokei?"

"Nilijua unabipu," alisema.

Siku ya nne yake, saa nne asubuhi, nilikuwa nafunga maboksi na ndugu yangu alikuwa juu ya foklifti, ameinua mzigo hadi rafu ya tatu. Msimamizi alikuwa amemruhusu kukaa na simu. Ikaita. Aliipokea, akasikiliza, na nilimwona mdomo wake unafunguka.

"Wamefika!" alinipigia kelele. "Wako mlango wa nyuma! Wanashuka!"

Akaruka chini akakimbia, fulana yake ya rangi ya machungwa ikipepea kati ya rafu, mzigo umebaki unaning'inia juu na foklifti inaunguruma. Msimamizi alikuja akifoka, nikamwambia ni mtoto, naye akaacha kufoka, akapanda mwenyewe kuushusha. Shemeji alikuwa amewapigia kwanza watu wa dharura, akasema maneno mawili tu ya Kiingereza aliyoyafanyia mazoezi, *baby* na *come*. Yalitosha. Anwani ilisema mengine. Mtoto, msichana, alizaliwa hospitali kabla ya saa sita mchana, akilia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa.

Niliomba ruhusa ya mapumziko nikaenda chooni ghalani, nikalia humo. Halafu nilinawa nikarudi kwenye maboksi.

Tayari nilikuwa nimeshapata kazi Iowa, na nilikuwa naiahirisha. Watu huniuliza kwa nini siwezi kukaa mahali. Nikikaa sana, ninaanza kukumbuka kule nilikotoka, na nikikumbuka sana, napanga sanduku. Lakini safari hii niliondoka bila haraka. Nilingoja mtoto afikishe wiki saba, nikamshika kichwa, nikala wali na sombe, kisamvu cha kwetu, mpaka shemeji akasema inatosha. Jumanne ndugu yangu alinipeleka kwenye basi. Alinipa kipande cha samaki mkavu kwenye karatasi ya foili.

Basi lilipopanda daraja la mto Ohio, Louisville ikawa nyuma yangu moja kwa moja, na simu ikaita. Alikuwa shemeji, kutoka besmenti.

"Ameamka," alisema. "Nimewaza umsikie mbele ya kufika mbali."

Akamsogezea simu. Mtoto akanililia sikioni kwa nguvu zote, na nikamsikiliza mpaka tukafika ng'ambo ya Indiana.